Kuutembelea Mji Mkongwe wa Unguja kwa Fedha Kidogo

Wasikilizaji, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, leo twataka kusema habari za mji wa mawe ulio pwani ya magharibi ya kisiwa cha Unguja, ambao watu huuita Mji Mkongwe. Kusudi letu si kuusifu, maana umekwisha kusifiwa sana. Twataka kuonyesha jinsi mtu asiye na fedha nyingi, kama mwanafunzi, au mkulima aliyefika mjini kwa shughuli zake, awezavyo kuyasoma mambo ya kale katika njia za mji huo. Tena twataka kueleza kwa nini yampasa kufanya hivyo mapema.

Wako watu wadhanio kwamba kutazama majengo ya kale ni kazi ya wageni wenye mifuko mizito. Sisi twaona sivyo. Mji huu haukujengwa kwa mali ya mji tu. Boriti zilizoshika dari zake zilikatwa katika mikoko ya Rufiji na ya pwani ya Lamu. Pembe za ndovu zilizowatajirisha wafanyaji biashara wake zilitoka Tabora, Ujiji na nchi zilizo mbele ya maziwa, zikachukuliwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Karafuu zilichumwa katika mashamba ya Unguja na Pemba. Basi mtu wa kijijini aingiapo mji huu haingii katika nyumba ya watu wengine. Aingia mahali ambapo jasho la babu zake limekuwa ukuta. Na wahenga walisema, Mtembea bure si sawa na mkaa bure.

Mtembezi wetu anahitaji vitu vitatu. Cha kwanza ni miguu, maana njia za mji ni nyembamba, na nyingi hazipitiki kwa motakaa. Mji wenyewe si mkubwa, mtu aweza kuuvuka kwa muda wa nusu saa. Cha pili ni adabu: awasalimu watu, awape wazee shikamoo yao, avae mavazi ya heshima, asiingie msikitini bila ruhusa, wala asipige picha ya mtu bila kumwomba. Cha tatu ni maswali matatu, ambayo atayauliza mbele ya kila jengo. Nani aliamuru lijengwe? Fedha ilitoka wapi? Na mikono iliyobeba mawe ilikuwa ya nani? Vitu hivi vyote havinunuliwi. Hata mwenye kitabu kizuri na kiongozi wa njia, akikosa maswali haya, huona kuta tu.

Tuanze Darajani asubuhi na mapema, kabla ya jua kupata nguvu. Jina lenyewe ni somo. Hapo zamani palikuwa na hori, mkono wa bahari ulioingia upande wa mashariki wa mji, hata maji yakijaa Shangani na mitaa yake ilikuwa karibu kuwa kisiwa. Watu walivuka kwa daraja. Hori hiyo ilijazwa udongo kidogo kidogo, na katika karne ya 20 ikatoweka, ikawa barabara na viwanja. Lakini jina la daraja limebaki. Katika barabara hiyo liko soko kuu lililofunguliwa mwaka 1904. Mtembezi mwenye fedha kidogo na apate chakula chake hapo au karibu na hapo, mahali wanapokula wachukuzi na wauza samaki: chai na chapati, maharage, au bakuli la urojo. Aulize bei kabla ya kula, na chakula kitakuwa chema, na fedha yake itabaki.

Kutoka sokoni ni mwendo mfupi tu kufika Mkunazini, palipo Kanisa Kuu la Waanglikana. Mahali hapa palikuwa soko la watumwa. Watu waliotekwa au kununuliwa bara, katika nchi za Ziwa Nyasa na kwingineko, waliletwa Unguja kwa majahazi, wakauzwa. Wengine walipelekwa Arabuni na Ghuba ya Uajemi, na wengine wengi wakabaki katika mashamba ya mikarafuu. Mwezi wa Juni mwaka 1873 Seyyid Barghash bin Said, akisukumwa na Waingereza waliotishia kuuzingira mji kwa manowari, alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Siku ya Krismasi mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Edward Steere ndiye aliyeisimamia kazi, naye ni yule yule aliyefanya kazi kubwa ya kuandika sarufi ya Kiswahili na kufasiri Maandiko.

Lakini mtu asiseme kwamba siku hiyo utumwa ulikwisha. Kilichofungwa ni soko. Hali ya utumwa iliendelea kutambuliwa na sheria ya Unguja mpaka mwaka 1897, nayo Serikali ya Waingereza ilikuwa imekwisha kuitawala nchi miaka saba. Hata hapo masuria hawakuingizwa katika sheria hiyo; ilibidi kungoja sheria nyingine ya mwaka 1909. Basi mtembezi akiambiwa kwamba fulani aliufuta utumwa kwa kalamu moja, na akumbuke miaka hii: 1873, 1897, 1909.

Tena hapo Mkunazini wageni huonyeshwa vyumba vya chini ya ardhi, wakaambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo. Wanahistoria wengine wana shaka, kwa kuwa nyumba iliyo juu ya vyumba hivyo ilijengwa na Wamisioni kwa ajili ya kazi zao, baada ya soko kufungwa. Hatusemi haya kupunguza uchungu wa mambo yaliyotendeka mahali pale. Uchungu huo hauhitaji kuongezwa chumvi. Twasema ili mwanafunzi ajue kwamba jiwe laweza kusingiziwa kama mtu asingiziwavyo, na kwamba kuuliza ni sehemu ya heshima kwa wale waliokufa. Nje, katika kiwanja, iko sanamu ya watu watano waliofungwa minyororo shimoni, kazi ya Clara Sörnäs, iliyowekwa mwishoni mwa karne ya 20. Mwenye fedha ya kulipa kiingilio mahali pamoja tu, sisi tungemshauri ailipe hapa.

Tukiingia ndani ya mji, kuelekea magharibi, twafika Hamamni. Jina latokana na hamamu, nyumba ya kuogea maji ya moto kwa desturi ya Uajemi, aliyoijenga Seyyid Barghash kwa watu wote. Sultani huyu alitawala tangu 1870 mpaka 1888. Kabla ya kutawala alikuwa amepelekwa Bombay kwa sababu ya kugombea ufalme na ndugu yake mwaka 1859, na huko akaona mji wenye maji ya mferejini na majengo makubwa. Aliporudi na kupata ufalme, alileta maji safi mjini kutoka chemchemi zilizo nje ya mji. Mtu aliyezoea kuchota maji mbali atajua mara moja ya kuwa hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko jumba lo lote.

Sasa mtembezi na atembee polepole, akitazama milango. Hapa pana maktaba isiyo na kiingilio. Milango ya zamani zaidi ina kizingiti cha juu kilichonyoka; ile yenye kichwa cha tao, iliyojaa maua na majani, ni ya baadaye, nayo yaonyesha mkono wa mafundi wa Kihindi. Katika miimo huchongwa minyororo, samaki, mawimbi, na maua ya yungiyungi. Misumari mikubwa ya shaba ni desturi iliyotoka Bara Hindi. Mlango ulikuwa cheti cha mwenye nyumba: mpita njia aliujua utajiri wake kabla ya kupiga hodi. Kando ya mlango iko baraza ya mawe, ambapo wanaume huketi kwa mazungumzo na kahawa chungu. Kikombe cha kahawa na kipande cha kashata havigharimu fedha nyingi, na mara nyingi mtu ajifunza zaidi hapo kuliko penye kibao cha maelezo.

Atazame na kuta. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo na chokaa iliyochomwa kutoka mawe hayo hayo. Vyumba ni vyembamba na virefu, kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kufika mbali zaidi ya hatua tatu au nne. Mti wa Rufiji ndio uliopima upana wa chumba cha tajiri wa Unguja. Na hapa ndipo swali la tatu lipatapo jibu lake. Wengi wa wale waliobeba mawe na kuponda chokaa katika karne ya 19 walikuwa watumwa, na wengine walikuwa watumwa waliokodishwa kwa kazi ya siku, wakampa bwana wao sehemu ya ujira. Kila siku walipewa cheti kidogo cha kazi yao, yaani barua ndogo. Na kutokana na cheti hicho tumepata neno kibarua. Kila tusemapo neno hilo, twataja kazi iliyousimamisha mji huu, ingawa majina ya waliofanya kazi hayakuchongwa juu ya mlango wo wote.

Njia zikimpotea mtembezi, asihangaike. Ashike upande mmoja tu, na kwa muda mfupi atatokea ama baharini, ama katika barabara kuu ya Darajani. Na sisi tutokee baharini, Forodhani. Mbele yetu iko Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani mwishoni mwa karne ya 17, walipokwisha kuwatoa Wareno, juu ya mahali ambapo Wareno walikuwa na kanisa lao. Omani na Unguja zikawa chini ya mfalme mmoja, na Seyyid Said bin Sultan akahamishia enzi yake Unguja katika miaka ya 1830. Alikufa baharini mwaka 1856, na mwaka 1861 Unguja na Omani zikatengwa kuwa falme mbili.

Karibu na Ngome ndipo penye Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, yenye nguzo za chuma na roshani pande zote. Mbele yake palikuwa na mnara wa taa, na karibu yake jumba la kifalme. Mwaka 1890 Waingereza waliuweka Usultani wa Unguja chini ya himaya yao. Miaka sita baadaye Sultani Hamad bin Thuwaini alikufa, naye Khalid bin Barghash akashika jumba bila ridhaa yao. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu ya asubuhi, manowari za Waingereza zilifyatua mizinga. Haikutimia saa moja, vita ikawa imekwisha. Watu wapatao mia tano wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Watu hupenda kuitaja vita hii kwa ufupi wake, kana kwamba ni jambo la kuchekesha. Mtembezi asimame hapo penye bustani, ahesabu hatua kati ya bahari na jumba, na atafahamu kwamba waliokuwamo hawakuwa na pa kukimbilia. Mnara wa taa uliharibika, na mwaka uliofuata mnara wa saa ukatiwa katika uso wa Beit al-Ajaib.

Tukifuata pwani kuelekea Malindi twaona nyumba yenye roshani za mbao zilizochongwa kama lasi. Msingi wake uliwekwa mwaka 1887 na Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia aliyetoka Bara Hindi, kwa ukumbusho wa miaka hamsini ya kutawala kwa Malkia Victoria. Alikufa mwaka 1891 kabla haijakwisha. Baadaye ikawa zahanati, na katika miaka ya 1990 ikatengenezwa upya. Nyumba hii yatufundisha kwamba mji haukuwa wa Waarabu na Wazungu tu. Wahindi ndio waliokopesha fedha za misafara na za mashamba, na mashamba mengi yaliwekwa rehani kwao, hasa baada ya tufani ya mwaka 1872 kuing'oa mikarafuu mingi ya Unguja.

Jioni jua likipoa, mtembezi na aende upande wa kusini, Vuga na Mnazi Mmoja, ayatazame majengo ya J. H. Sinclair, mtumishi wa Serikali ya Waingereza aliyefika Unguja mwaka 1896, na baadaye akawa Balozi Mkazi. Yeye ndiye aliyechora Mahakama Kuu, na Beit al-Amani, nyumba ya ukumbusho ya amani baada ya Vita Kuu, iliyofunguliwa mwaka 1925. Ajabu yake ni kwamba majengo haya yana makuba na matao ya Kiarabu, ingawa yalijengwa na Waingereza. Sababu yaeleweka: nchi ilikuwa himaya, bendera ya Sultani ilipepea, lakini amri ilitoka kwa Balozi. Serikali ilivaa kanzu hata katika mawe.

Wageni wengi huishia hapo, nao hurudi kwao wakidhani wameuona mji. Sisi twasema wameona nusu yake. Avuke barabara ya Darajani, pale palipokuwa na hori, aingie Ng'ambo. Jina hilo walilitoa watu wa upande wa mawe, maana kwao huko kulikuwa ng'ambo ya maji. Huko waliishi watumwa na waliopata uhuru, wavuvi, wachukuzi, mafundi na watu waliohama kutoka bara na Komoro, katika nyumba za udongo na makuti. Utawala wa Waingereza uliuthibitisha mpaka huo kwa sheria za ujenzi na kwa ramani za mipango ya mji, kama ule wa Lanchester wa mwaka 1923: upande mmoja mji wa mawe, upande wa pili mji wa wenyeji. Lakini watu wa Ng'ambo hawakukaa kimya. Mwaka 1928 wengi wao walikataa kulipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja. Na mwaka huo huo Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika ukoo wa watumwa na kuishi Ng'ambo, alisafiri mpaka Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri kwa Kiswahili. Mwaka huo huo tena, mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lugha hii tunayosema nanyi sasa ni urithi wa mji huu, wa pande zake zote mbili.

Kwa nini tulisema twende mapema? Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 nyumba nyingi za mawe zilitwaliwa na Serikali, wakapewa kukaa humo watu waliokuwa hawana makao mema. Lilikuwa jambo la haki kwa wengi, lakini nyumba iliyojengwa kwa jamaa moja ikawa na jamaa nyingi, na fedha ya kutengeneza paa haikupatikana. Maji ya mvua ni adui wa ukuta wa chokaa: yakiingia juu, boriti huoza, na ukuta hufumuka. Nao watengenezao kwa saruji mara nyingi huzidisha hatari, maana saruji huzuia ukuta usipumue, unyevu ukabaki ndani. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO iliuandika mji katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa kutengenezwa, na wafanya kazi wawili wakafa. Basi nyumba hii, tuliyoambiwa ilijengwa na Sultani, iliua vibarua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mara nyingine anayelipia ufa ule si yule aliyeuacha.

Tena kuna hasara isiyopiga kishindo. Nyumba huuzwa zikawa mahoteli, na wazee wa barazani huhamia mbali na mji. Jiwe laweza kusimamishwa tena na fundi. Lakini habari za nani aliishi nyumba ile, na nani aliibeba chokaa yake, zikifa pamoja na mzee hazirudi.

Kwa hiyo twawashauri walimu wenye wanafunzi karibu na Unguja wasingoje mpaka shule ipate fedha nyingi. Siku moja yatosha, kwa miguu, na daftari na kalamu. Kila mtoto na achague mlango mmoja, ukuta mmoja na mzee mmoja, aandike aliyoyaona na aliyoyasikia, pamoja na majibu ya yale maswali matatu. Na ninyi mnaokaa mbali, Rufiji, Tabora au Ujiji, msidhani kwamba mmeachwa nje. Waulizeni wazee wenu habari za misafara, za mikoko, na za ndugu waliokwenda pwani wasirudi. Upande mmoja wa historia ya mji huu umeandikwa katika mawe ya Unguja. Upande wa pili uko kwenu, nao haujaandikwa wote.